Kofia Niliyokataa Kuvua Ukweni

Kila nikianza kusimulia habari hii mke wangu Nekesa hucheka kabla sijafika popote, kwa hivyo leo nimengoja aende sokoni ndipo niandike. Niseme mapema ili mnicheke mara moja mmalize: mimi ni mwanaume mzima, baba wa watoto wawili, niliyetokwa na damu kichwani katikati ya ngoma, siku ya mahari yangu mwenyewe, mbele ya wakwe zangu wote, halafu nesi akapigiwa simu, na alichosema nesi kikasikika mpaka kwa majirani.

Sasa ngoja nieleze polepole, maana haya mambo hayakuanza siku moja.

Mimi nina kitalu cha miche kando ya barabara, nje kidogo ya Kitale. Kabichi, nyanya, sukuma, parachichi, vyote utapata kwangu. Wateja hutoka mpaka Ndalu na Naitiri, na mtu akinunua mche kwangu haondoki bila somo (wengine hulikimbia somo lenyewe, lakini huwa nawafuata mpaka kwenye pikipiki). Huwa nawaambia: mche uliohamishwa ni kama mgeni, usiuguse-guse, usiuache kwenye jua kali, uwekee kivuli cha nyasi mpaka ushike. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu. Yakumbukeni, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasahau siku niliyoyahitaji.

Nywele zangu zilianza kurudi nyuma nikiwa bado kijana, na sikujali. Nekesa hakujali pia, alinipenda hivyo hivyo. Tatizo lilikuja tulipoenda kwao Misikhu kujitambulisha. Familia yetu ilitoka Murang'a zamani ikanunua shamba huku Trans-Nzoia, na kina Nekesa ni Wabukusu wa Bungoma, kwa hivyo nilikwenda na kaka yangu mkubwa, Muchiri, awe msemaji wangu. Muchiri amenizidi umri sana lakini ana nywele kama za mtoto wa sekondari. Tukapokewa na Mzee Wanyonyi, ndugu ya marehemu baba yake Nekesa, ambaye ndiye mkubwa wa boma. Akamshika Muchiri mkono, akamwambia, "Karibu sana mukwe." Halafu akanigeukia mimi kwa heshima kubwa: "Na wewe ni baba yake?"

Boma zima lilicheka. Shemeji yangu Barasa, kaka yake Nekesa, alicheka mpaka akakaa chini. "Bana, baba ya bwana harusi ako na miguu ya kijana!" Nikacheka na mimi. Lakini njiani kurudi Kitale niliapa moyoni kwamba siku ya mahari, picha zikipigwa, hakuna mtu ataniita baba ya mtu.

Ndipo nikaenda kliniki moja Nairobi kupandikizwa nywele. Wewe unayefikiria jambo hilo usiogope, si la kutisha. Unatolewa vinywele kimoja kimoja kisogoni, mahali ambapo nywele hazina mpango wa kuondoka, halafu vinachomekwa mbele kwenye upara, kama mtu anayepanda vitunguu. Uchungu ni kidogo. Kazi kubwa iko baadaye, nyumbani. Nesi alinikalisha chini akanieleza kama mimi ninavyowaeleza watu wa kabichi: kutembea polepole, sawa, hata kesho yake. Kazi ya kukaa kwenye meza, sawa baada ya siku chache. Kofia, iwe pana isiyobana. Lakini kuinama, kubeba mizigo, kukimbia na chochote cha kutoa jasho, hapana, mpaka wiki mbili ziishe kabisa. Mazoezi mazito, mpira na kuogelea, ngoja mwezi mzima. Nikaitikia kila neno kwa kichwa (kichwa hicho hicho).

Nilikuwa nimepanga vizuri. Mahari, ambayo tulikuwa tumeichelewesha mpaka watoto wawili wakazaliwa, ilikuwa ya baada ya mavuno, nami ningekuwa nimepona zamani. Lakini mahindi ya Misikhu yalianza kukauka mapema, na Mzee Wanyonyi akatuma ujumbe kwamba twende kabla ya kuvuna, watu wasije wakatawanyika mashambani. Kuhesabu vizuri, siku hiyo ingenikuta na zaidi kidogo ya wiki moja tangu nipandikizwe.

"Baba Shiru," Nekesa akaniambia, "si tuwaambie tu ukweli? Ni watu wangu, nawajua. Watacheka asubuhi na mchana watakuwa wamesahau."

"Hapana," nikasema. "Nitavaa kofia yangu ya pama. Na zaidi ya hayo, angalia, vyote vimesimama wima. Mche ukikaa wiki bila kunyauka, umeshika."

"Wewe si kabichi."

Hapo ndipo nilipokosea, marafiki. Uamuzi mdogo hivyo, pama tu. Mengine yote yalitoka humo.

Kabla sijafika Misikhu niwaambie kuhusu mama mkwe wangu. Huyu ni mama aliyeachwa mjane na watoto wadogo, akawasomesha wote kwa ndizi za soko la Misikhu. Kwa Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono na hawakai karibu, ni heshima, kwa hivyo miaka yote hiyo tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu, yeye kwenye mlango wa jikoni, mimi getini. Hakuwa mtu wa maneno. Na sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani, kimefungwa vizuri mpaka karibu na nyusi, hata wakati wa kuosha vyombo. Nilimheshimu sana. Sikujua bado kwamba nilikuwa namheshimu kidogo kuliko anavyostahili.

Tukafika. Akina mama wakatupokea kwa nyimbo, tukakalishwa chini ya hema, wao upande ule na sisi huku. Mzee Wanyonyi akasimama, akavua kofia yake.

"Kofia chini, tuombe."

Wanaume wote wakavua. Mimi nikainamisha kichwa na pama yangu juu, nikitumaini kwamba wakifumba macho haraka itapita. Hawakufumba.

"Mukwe," Mzee akasema kwa upole. "Kofia."

Ningesema kichwa kinaniuma, ningesema nina kidonda, yote yangepita! Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Samahani mzee. Niko na nadhiri."

Nekesa akanigeukia polepole, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani akiingia kwenye mahindi yake.

"Nadhiri!" Mzee Wanyonyi akasema, na uso wake ukang'aa. "Mumesikia? Vijana wa siku hizi hawawezangi kufunga hata mpaka saa sita, na mukwe wetu amewekea Mungu nadhiri!" Watu wakapiga makofi. Kaka yangu Muchiri, ambaye hakujua lolote, akapiga makofi kuliko wote.

Pasta wa kwao akasogeza kiti karibu. "Ni nadhiri ya nini, ndugu yangu?"

"Ya ... ya ndoa."

"Amina! Basi kabla ya chakula nitakuwekea mikono kichwani, tuitie muhuri."

Nikamwangalia Pasta mikono. Ni mtu anayelima mwenyewe, mwenye viganja vya kushika jembe siku nzima, na kutoka maombi ya kwanza, ambayo yeye ndiye aliyeyaongoza, nilikuwa nimeshaona kwamba akiomba hatulii, anabonyeza hewa. Wakati wazee wakizungumza mambo ya ng'ombe mimi sikusikia chochote. Niliona tu viganja vile. Mazungumzo yakaisha kwa amani, Pasta akasimama, akakunja mikono ya shati, akaanza kunijia.

Na hapo hapo Barasa akaanzisha ngoma.

Kama hujawahi kuona kamabeka, ni ngoma ya Wabukusu ya kutikisa mabega. Miguu haisumbuki sana, mabega ndiyo yanafanya kazi, na shingo, na kichwa nacho hakibaki nyuma. Nikapima upesi: mikono ya Pasta au kamabeka? Nikaruka katikati ya uwanja.

Boma likalipuka. "Woi! Mukwe anaweza!" Akina mama wakapiga vigelegele, Pasta mwenyewe akaacha maombi akaanza kupiga makofi, na mimi (niseme ukweli) nikasikia raha, kwa sababu mtu wa Kitale wa kutoka Murang'a kushangiliwa kwa mabega huko Misikhu si jambo la kila siku, na nikazidisha, na jua lilikuwa la saa saba, na jasho likaanza, na pama ikaanza kucheza ngoma yake yenyewe huko juu. Barasa akaiona. Shemeji mwema, akaja nyuma yangu akicheza, akaishika kwa mikono miwili akaibonyeza chini mpaka masikioni.

"Isikutoroke, shemeji! Linda nadhiri!"

Nilisikia kitu kama siafu mia wameniuma pamoja. Lakini mtu anayeshangiliwa haachi ngoma. Nikaendelea. Jasho likanishukia machoni, nikatoa kitambaa changu cheupe kipya, nikajifuta uso, nikakiangalia. Kilikuwa chekundu.

"Uwi! Damu!" shangazi mmoja akapiga kelele.

Ngoma ikanyamaza. Mtu akasema nyuma, "Nadhiri imevunjika." Na kabla sijafungua mdomo, Barasa, kwa hofu na upendo, akanivua pama.

Hamkuwepo, kwa hivyo fikirieni shamba la vitunguu lililopandwa kwa mistari mizuri, halafu kuku wakapita. Huo ndio ulikuwa mwonekano wa mbele yangu. Vidoti vyeusi, magamba, na damu ikishuka kwenye paji la uso.

"Shemeji," Barasa akanong'ona, "ni nyuki?"

Nekesa alikuwa ameshafika kando yangu na simu mkononi. Hakupiga kelele, hakuniambia "nilikwambia". Hata leo hajawahi kuniambia hivyo, na hilo peke yake lingetosha kumlipia mahari mara mbili.

"Amepandwa nywele," akasema.

"Amepandwa nini?"

"Nywele, Barasa. Zimetolewa hapa nyuma zikapandikizwa hapa mbele. Nyamaza nipigie nesi."

Sasa simu ya Nekesa iliharibika pale pa kusikilizia, na tangu hapo lazima aweke sauti ya juu. Sote nyumbani tumezoea. Sikukumbuka.

"Inatoka nyingi ama kidogo?" sauti ya nesi ikajaza hema na uwanja.

"Kidogo. Inakuja na jasho."

"Jasho la nini, na wiki mbili hazijaisha?"

"Alikuwa anacheza."

"Kucheza nini?"

"Kamabeka!" Barasa akajibu, kwa sababu aliona ameulizwa.

"Ile ya mabega? Woi, huyu mtu." Nesi akavuta pumzi. "Haya. Asiguse, asikwaruze, asirudishe hiyo kofia. Chukua kitambaa safi kabisa, ubonyeze polepole pale panapotoka damu, usisugue, mpaka ikauke. Akae kivulini, kichwa juu. Akinywa maji ni vizuri. Kesho kliniki nimwone. Zingine zimeshikilia, msiogope." Nikaanza kupumua. Halafu akaendelea, kwa sauti ile ile ya huruma: "Na mama, nikuulize, kuna kitu kingine cha jasho amekuwa akifanya? Maana nilimwambia mambo ya chumbani pia apumzike kwanza kama wiki moja. Alipumzika?"

Wazee wakaangalia paa la hema. Pasta akachunguza viatu vyake. Kule kwenye mlango wa jikoni mama mkwe wangu akageuka akatazama ukuta. Nikaiomba ardhi ya Misikhu ifunguke, ikakataa.

Nekesa akafikiri kidogo. "Hiyo," akasema, "ndiyo tu alitii."

Kicheko kilichotoka hapo sitakisahau. Kiliendelea, kikapumzika, kikaanza tena. Hata mimi, na kitambaa kwenye paji la uso, nilicheka. Nikajua yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mzee Wanyonyi hakuwa anacheka.

"Nywele ni zake," akasema, na watu wakanyamaza mmoja mmoja. "Apande hata mahindi huko juu, mimi sina neno. Lakini alisimama hapa akachukua jina ya Mungu akafunika nayo kichwa. Na mimi nikapiga makofi. Mutu anatuficha kichwa leo, kesho atatuficha nini? Tumpe mutoto wetu mutu gani?" Akamgeukia Muchiri. "Mimi naona murudi Kitale. Mutakuja siku ingine, tukishafikiria."

Muchiri akainama. Nilikuwa nimehofia nywele muda huo wote, na sasa nilikuwa karibu kurudi Kitale na mke ambaye watu wake wamekataa kunipa kwa baraka, kwa sababu ya picha. Nekesa alikuwa bado ameshika kitambaa kwenye paji langu.

"Baba Simiyu," sauti ikasema.

Ni mama mkwe. Alikuwa ametoka mlangoni akasimama uwanjani, mbali nami kama desturi inavyotaka, akimwangalia shemeji yake tu, Mzee Wanyonyi.

"Baba Simiyu, niliolewa hapa nikiwa musichana. Umeishi na mimi kwa hii boma miaka yote. Umewahi kuona kichwa yangu?"

Mzee akashangaa. "Sijawahi. Si ni heshima yako."

"Si heshima," akasema. Akainua mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akavua kitambaa.

Sikujua niangalie wapi. Mama mkwe kukaa kichwa wazi mbele ya mkwe wake, katika boma lile, lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mbele hakukuwa na nywele kabisa, mpaka utosini. Kichwa laini, na nyuma tu mvi chache.

"Ilianza nikiwa musichana, kusukwa kwa kuvutwa. Halafu ndizi za kubeba kwa kichwa zikamaliza. Hata Nekesa hajui. Wajukuu wakiniuliza nawaambianga kichwa inasikia baridi. Hiyo pia ni uongo, Baba Simiyu. Nimesema hiyo uongo miaka mingi kuliko huyu, na kwa kanisa mulinifanya mama wa maombi." Akakunja kitambaa mkononi. "Kama mutu wa kuficha upara hafai hapa, mutoe mimi kwanza. Halafu mutoe yeye."

Nekesa alikuwa analia bila sauti.

Mama mkwe akamwita binti yake kwa mkono, akampa kile kitambaa (kilikuwa cha maua ya njano, nakiona hata sasa). "Mpatie. Jua linamuchoma."

Hata hapo hakunikaribia. Desturi ile ambayo angeweza kusema imeshavunjika, aliishika kwa upande wake wote uliobaki. Barasa akakata vijiti vinne virefu, akavisimamisha kuzunguka kiti nilichokuwa nimeletewa pale uwanjani juani, akafunga kitambaa pembe nne juu yangu bila kugusa hata kinywele. Nikakaa chini ya kivuli cha maua ya njano, na mimi ndiye mtu ninayewafundisha watu wa Ndalu kuwekea miche kivuli.

Nikasimama polepole, kichwa juu kama nilivyoambiwa. "Mzee," nikasema, "sikuwa na nadhiri yoyote. Nilikuwa na aibu. Mara ya kwanza uliniita baba yake bwana harusi."

Mdomo wa Mzee Wanyonyi ukaanza kucheza pembeni. "Ati ni hiyo?" akauliza. "Ni mimi nilikupeleka Nairobi?" Akamtazama mama mkwe, kichwa wazi pale uwanjani, na macho yake yakashuka. Akavua kofia yake ambayo alikuwa amesharudisha. "Basi tuombe tena. Hii ya kwanza haikuhesabika. Na sasa kila mutu kichwa wazi."

Tukaomba. Pasta akaniwekea mkono begani, mwepesi kama unyoya.

Kesho yake nilikuwa mbele ya nesi nikisikiliza kama mwanafunzi. Tulipoteza vinywele kadhaa pale Barasa alipobonyeza, na mpaka leo nina pengo dogo mbele, kama la punje ya haragwe. Vingine vilishikilia. Baada ya wiki kadhaa vyote vilidondoka, na kama wewe umefika hapo tafadhali usilie kama nilivyolia, kwa sababu nesi aliniambia ni kawaida, shina ndilo linaanguka na mzizi unabaki chini. Vikaota tena, polepole. Magunia ya mbolea nilianza kubeba baada ya mwezi kuisha, na mbio za asubuhi nilianza kwa kutembea kwanza. Fuata tu ulichoambiwa. Siku zile chache unazoziona nyingi si nyingi, na kama una sherehe mbele yako, kaa kwenye kiti, waambie watu ukweli, waache wacheke asubuhi.

Picha ya siku ile iko ukutani kwetu sebuleni. Mimi niko chini ya kitambaa na vidoti vyangu, na kule mwisho kabisa wa mstari, mbali nami, amesimama mama mmoja kichwa wazi, amenyooka. Wageni wakiingia huuliza huyo ni nani kabla hawajaniuliza mimi nilipatwa na nini. Nesi amesema anaweza kuliziba lile pengo langu. Nimemwambia aliache.

Kwa hivyo sasa nina nadhiri kweli, ya kwanza maishani: katika boma lile sitaingia tena nimefunika kichwa. Nikifika getini Misikhu navua kofia, hata kukiwa na mvua. Mama mkwe hutoka kwenye mlango wa jikoni akaniona, akainua mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo. Hatushikani mikono. Yeye kule, mimi huku, tunasalimiana vichwa wazi.